Kutoka Mwaloni hadi Kwenye Mashine ya PCR: Mwongozo Kamili wa Utafiti wa Kichocho Ukanda wa Ziwa Victoria

Mwanafunzi wa utafiti akiingia maabara kwa mara ya kwanza, macho yake huenda moja kwa moja kwenye mashine ya PCR, ile inayonakili DNA mara nyingi hadi ionekane. Simlaumu, nami nilikuwa hivyo hivyo. Lakini kwa miaka niliyohangaika kati ya mialo, yaani fukwe wanakoshukia wavuvi, na maabara hapa Mwanza, sampuli nyingi nilizoona zikiharibika ziliharibikia ufukweni, kwenye boti, au kwenye buti la gari lililoachwa juani. Mashine haijui hayo. Ukiipelekea choo cha mtoto wa jirani ndani ya kopo la mvuvi, itakupa jibu zuri kabisa la mtoto wa jirani.

Kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana mwaloni kabla ya kushika pipeti. Nimechagua kichocho kwa sababu ndio ugonjwa wetu wa maji, na kwa sababu ndani yake unajifunza kila kitu: kuongea na watu, hadubini, dawa, DNA. Anayetafiti malaria au kifua kikuu atabadilisha sampuli na vipimo tu.

Kabla ya yote, mjue mnyoo wako

Kichocho cha tumbo huletwa na Schistosoma mansoni, cha mkojo na Schistosoma haematobium. Kandokando ya ziwa na visiwani, kuanzia Kayenze na Igombe hadi Ukerewe na Kome, kinachotawala ni cha tumbo, kwa sababu konokono anayekilea, Biomphalaria, anaishi ziwani humo humo. Ukiliacha ziwa ukaingia bara, Misungwi au Kwimba, kwenye malambo, madimbwi na majaruba ya mpunga, unakutana na konokono Bulinus na kichocho cha mkojo. Ndiyo maana anayeandika tu "kichocho Mwanza" bado hajasema kitu.

Mayai hutoka na choo au mkojo, yakifika majini yanaanguliwa, kiluwiluwi anaingia kwa konokono, na baada ya wiki kadhaa konokono anamwaga maelfu ya serkaria. Hao hutoboa ngozi ya mtu aliyemo majini. Serkaria wa kichocho cha tumbo hutoka kwa wingi jua likiwa limepanda, saa zile zile akina mama wanafua na watoto wanaogelea. Minyoo hukomaa kwa takriban wiki tano hadi saba, hukaa wawili wawili, dume na jike, kwenye mishipa ya damu ya utumbo, na jike hutaga mayai mia kadhaa kwa siku. Mengi hayatoki nje, yananasa kwenye ini na kuta za utumbo. Liweke hilo akilini: unachokiona kwenye choo ni sehemu tu ya kilichomo mwilini, na kiasi chake hubadilika siku hadi siku kwa mtu yule yule.

Hatua ya 1: Pata swali linaloweza kujibiwa

Swali baya: "Kuchunguza hali ya kichocho katika Mkoa wa Mwanza." Swali linalofaa: "Miongoni mwa wavuvi wa dagaa wenye umri wa miaka 18 na zaidi katika mialo minne ya Ukerewe, wangapi wanakutwa na S. mansoni kwa hadubini, na wangapi zaidi wanaonekana kwa PCR?" La pili lina watu, mahali, vipimo viwili na kitu cha kulinganisha. Hili ndilo nitakaloenda nalo.

Mfano wa swali kali tunao hapa hapa nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliuliza jambo moja Mkoa wa Mwanza: kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya vya kawaida kutapunguza maambukizi mapya ya VVU? Walichukua jamii 12, wakazipanga jozi 6 zinazofanana, wakafuatilia zaidi ya watu 12,000 kwa takriban miaka miwili. Majibu yaliyochapishwa 1995 yalionyesha maambukizi mapya yamepungua kwa karibu asilimia 40. Dunia nzima ikageuka kuitazama Mwanza, na kilichowapa watafiti wale uzito ni ulinganishi uliopangwa vizuri, si ughali wa vifaa.

Idadi ya watu usiikisie. Kwa utafiti wa kutafuta kiwango cha maambukizi, kama hujui kiwango cha awali chukua asilimia 50, ruhusu kosa la asilimia 5, na fomula ya kawaida itakupa watu 385. Lakini wavuvi wa mwalo mmoja wanaoga maji yale yale, hivyo wanafanana, na hesabu lazima ipandishwe. Ukizidisha mara 2 unapata 770. Kisha kuna wasioleta kopo. Ukitarajia mmoja kati ya kumi asilete, unagawa kwa 0.9 na kufika 856. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukuna kichwa wakitazama bajeti, na ni heri kukuna kichwa sasa kuliko siku ya kutetea tasnifu.

Hatua ya 2: Vibali, kwa mpangilio wake

Andiko lako linaanzia kwenye kamati ya maadili ya chuo au taasisi yako. Pale Bugando, kwa mfano, chuo cha CUHAS na hospitali wana kamati ya pamoja. Panapohitajika kibali cha kitaifa unakwenda kwa kamati ya taifa ya maadili iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Ukiwa na watafiti kutoka nje ya nchi, kuna kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Kama unajaribu dawa au chanjo, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, lazima wahusike. Na kama tone moja la DNA litavuka mpaka, utahitaji makubaliano rasmi ya kuhamisha sampuli, ambayo huchukua muda kuliko unavyodhani. Anza hayo mapema, au jipange kufanya PCR yote nchini.

Barua za utawala zinashuka ngazi kwa ngazi: mkoa, halmashauri, mganga mkuu wa wilaya, kata, kijiji. Usiruke ngazi hata kama mtendaji wa kijiji ni shemeji yako. Nimewahi kurudishwa kutoka kisiwani na makopo 200 matupu kwa sababu barua ya kata ilikuwa bado ipo kwenye meza ya mtu.

Hatua ya 3: Kuingia mwaloni

Hapa utatumia siku nyingi kuliko ulizopanga, na ziache ziende.

Onana na mwenyekiti wa kijiji, kisha viongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, kwa sababu wao ndio wanaojua nani yuko kambini na nani amehamia kisiwa kingine juzi. Salimia kwa adabu ya mahali. Asubuhi "mwangaluka" moja kwa wazee wa Kisukuma hufungua mlango ambao barua ya mkoa imeshindwa kuusukuma. Ukerewe na Ukara lugha ni nyingine, kwa hiyo tafuta mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyezaliwa pale, umlipe, na umsikilize anapokwambia "leo tusiende upande ule".

Kisha angalia mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawavutiki na taa na mitumbwi mingi hubaki ufukweni. Ukienda katikati ya giza utawakuta watu wamelala mchana kutwa, wamechoka, na kopo lako halina nafasi. Ukienda mbalamwezi ikiwa imekamilika kabisa, nusu ya kambi imekwenda kuona familia bara. Mimi hupendelea siku mbili tatu za kwanza mbalamwezi inapoanza kuwazuia kuingia ziwani: watu bado wapo, nyavu zinashonwa, na mazungumzo yapo.

Uvumi utakuja. Damu ikitajwa tu, utasikia "mumiani" kabla hujafunga sentensi, na siku hizi wameongezeka "Frimasoni". Usikasirike na usicheke. Fanya mkutano wa hadhara, onyesha kopo, kijiti, slaidi, hata hadubini yenyewe kama unayo. Siku tuliyoweka yai la kichocho chini ya hadubini ya jua na kumwita kila mtu achungulie ule mwiba wake wa ubavuni, foleni ilikuwa ndefu kuliko ya mzigo wa dagaa. Mzee mmoja alitazama, akanyamaza, akatazama tena, akaniuliza: "Sasa mwanangu, hilo linatoka kwangu au kwenye hicho kioo?" Nikamwambia tukipima lake tutajua. Alikuwa wa kwanza kuleta kopo kesho yake.

Hatua ya 4: Ridhaa si saini

Fomu ya ridhaa iwe kwa Kiswahili chepesi, na maelezo ya mdomo kwa lugha ya mtu. Eleza mambo haya bila kuyazungusha: tunatafuta nini, utatoa nini na mara ngapi, utapata nini, kuna maumivu gani, unaweza kukataa au kuacha siku yoyote bila kunyimwa matibabu, na sampuli itakayobaki itafanywa nini. Hilo la mwisho wengi hulipitia haraka, nalo ndilo zito zaidi kwa utafiti wa molekuli. DNA iliyohifadhiwa inaweza kupimwa tena baada ya miaka kumi kwa swali ambalo leo halijazaliwa. Weka visanduku viwili kwenye fomu, kimoja cha utafiti huu, kingine cha kuhifadhi kwa tafiti zijazo, na mwache mtu akubali kimoja akatae kingine.

Asiyejua kusoma anaweka dole gumba mbele ya shahidi aliyemchagua yeye, si karani wako. Kwa watoto, mzazi au mlezi anaridhia na mtoto mwenye umri wa kuelewa anaulizwa pia. Mtoto akitikisa kichwa, imekwisha, hata kama mama yake amesaini.

Na jihadhari na tajiri wa mtumbwi. Akiwaambia vijana wake "nendeni mkapime", wataenda, lakini hiyo si ridhaa. Nilijifunza kuongea na vijana peke yao, tajiri akiwa mbali, na kuwapa muda wa kulala nalo hadi kesho.

Hatua ya 5: Kukusanya sampuli

Mpe kila mtu kopo lenye kifuniko kinachofunga barabara, kijiti, karatasi, na maelekezo mafupi: choo cha asubuhi, kisiguse udongo wala maji ya chooni, kisichanganyike na mkojo, kiasi cha kidole gumba. Usiseme "kinyesi" mbele ya mama mkwe wa mtu. Sema "choo kikubwa" na kila mtu ataelewa.

Namba ya utafiti iandikwe mwilini mwa kopo. Kifuniko hakifai, kwa sababu vifuniko hubadilishana.

Utakutana na ujanja. Ndugu watatu wataleta makopo matatu yenye choo cha mtu mmoja, kwa sababu wawili hawakupata haja asubuhi hiyo na wanaogopa kukosa dawa. Dawa ya hili ni kuwaambia mapema kwamba asiyepata haja leo alete kesho, na dawa ya kumeza ataipata vilevile. Ukiondoa hofu ya kukosa, udanganyifu unapungua wenyewe. Kwa kuwa mayai hutoka kwa kupanda na kushuka, omba choo cha siku mbili au tatu tofauti ikiwezekana.

Mkojo nao chukua, takriban mililita 30. Kipimo cha haraka cha antijeni ya CCA, yaani kitu kinachotolewa na mnyoo mwilini, hutumia mkojo kugundua kichocho cha tumbo: tone linawekwa kwenye kadi na unasoma baada ya dakika 20. Ule mstari hafifu, ambao watu wawili wakiutazama watabishana, amueni kabla ya utafiti kuanza kama mtauhesabu chanya au hasi. Kama eneo lako ni la kichocho cha mkojo, mkojo uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, muda ambao mayai hutoka zaidi, na uchuje mililita 10.

Wewe na timu yako mvae glovu, na anayeingia majini kuokota konokono avae mabuti marefu. Maji yakikurukia ngozi, jifute haraka hadi ikauke. Nimeshuhudia timu nzima ya watafiti wa kichocho ikipimwa na kukutwa na kichocho.

Hatua ya 6: Saa sita za kwanza

Kopo likifika mezani, linagawanywa mara mbili. Sehemu moja ni ya hadubini, nyingine ni ya DNA. Fanya hivyo siku hiyo hiyo, kivulini.

Kwa hadubini tumia njia ya Kato-Katz. Bonyeza choo kupitia kichujio cha nailoni ili nyuzi na mchanga vibaki, jaza tundu la kiolezo lililopimwa kuchukua miligramu 41.7, ondoa kiolezo taratibu, funika kwa selofani iliyoloweshwa angalau siku nzima kwenye gliseroli yenye rangi ya malakaiti, geuza slaidi na ubonyeze ienee sawasawa. Tengeneza mbili kwa kila choo. Kama unahesabu na minyoo ya safura, soma slaidi ndani ya nusu saa hadi saa moja, kwa sababu mayai yake huyeyuka machoni na kutoweka. Ya kichocho hubaki, hivyo hayo unaweza kuyasoma kesho yake.

Idadi ya mayai kwenye slaidi unaizidisha kwa 24 kupata mayai kwa gramu. Slaidi ya kwanza ina 3, ya pili 5: wastani 4, mara 24, ni 96. Hayo ni maambukizi mepesi. Kuanzia 100 hadi 399 ni ya wastani, 400 kwenda juu ni mazito. Tazama pia udhaifu uliomo: yai moja tu kwenye slaidi tayari ni 24 kwa gramu. Mwenye mayai machache zaidi ya hapo anaweza kupita kama mzima, na hapo ndipo PCR inapopata kazi.

Mtu wa pili asome upya slaidi moja kati ya kila kumi bila kujua jibu la kwanza. Wasomaji watachukia. Fanya tu.

Kwa DNA, chota choo kiasi cha nusu gramu, tia kwenye kichupa chenye ethanoli ya asilimia 95 hadi 96, angalau mara mbili au tatu ya ujazo wa choo, na koroga hadi pasibaki bonge. Bonge lisilokorogwa linaoza katikati huku nje likionekana limehifadhiwa. Ethanoli ikiwa safi na ya kutosha, sampuli itavumilia safari ya kivuko bila barafu, ingawa baridi ni bora.

Sasa kisa changu, kwa aibu yangu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza niliandika namba za vichupa 96 kwa kalamu ya wino mzito, ile ile tunayoandikia maboksi. Boti ilipigwa na mawimbi, vichupa vitatu vikavuja, ethanoli ikasambaa kwenye kreti. Tulipofika Mwanza, wino wote ulikuwa umeyeyuka na kukimbia kama wanja wa bibi harusi aliyelia. Sampuli 96, zote salama, hakuna hata moja yenye mwenyewe. Ethanoli huosha wino. Tangu hapo naandika kwa penseli kwenye kipande cha karatasi ngumu na kukitumbukiza ndani ya kichupa, nabandika lebo ya barkodi nje, na kuifunika kwa selotepu inayozunguka mara mbili. Shingo ya kichupa naifunga kwa parafilamu. Namba zote zinaandikwa pia kwenye rejista ya karatasi, hata kama una tableti, kwa sababu tableti huzimika na rejista haizimiki.

Hatua ya 7: Dawa kwanza, data baadaye

Aliyekutwa na kichocho anatibiwa, na hasubiri makala yako ichapishwe. Dozi ya kawaida ya prazikwanteli ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, mara moja. Mtu wa kilo 60 anahitaji miligramu 2,400, yaani vidonge 4 vya miligramu 600. Apewe baada ya kula. Hilo jambo dogo linaokoa mengi, maana kidonge kinachomezwa tumbo tupu huleta kichefuchefu na kizunguzungu, na mtu mmoja akitapika hadharani umepoteza mwalo mzima. Tulikuwa tunapika uji au kununua maandazi na chai kwa pesa iliyotajwa wazi kwenye bajeti. Kamati iliuliza, tukaeleza, ikakubali.

Kazi ya kutoa dawa ni ya muuguzi au daktari wa timu pamoja na watu wa mganga mkuu wa wilaya. Mwenye historia ya kifafa aonwe kwanza. Kwa wajawazito, Shirika la Afya Duniani linaruhusu baada ya miezi mitatu ya kwanza.

Ukitaka kupima kama dawa imefanya kazi kwa kuhesabu mayai, rudi kati ya siku 14 na 21. Ukichelewa sana utahesabu minyoo michanga ambayo dawa haikuiua vizuri na sasa imekomaa, au maambukizi mapya ya mtu aliyerudi majini siku ile ile, kama ambavyo lazima arudi. Na usikimbilie PCR ya choo wiki hizo, kwa sababu DNA ya mayai yaliyokwisha kufa kwenye tishu huendelea kuchuruzika.

Hatua ya 8: Maabara ya molekuli

Panga vyumba kwa mwelekeo mmoja: mahali pa kuandaa mchanganyiko, mahali pa kuchuja DNA, mahali pa mashine. Huwezi kutoka chumba cha mashine ukarudi cha kuandaa na koti lile lile. Kama maabara yako ina chumba kimoja, tenganisha kwa meza, seti za pipeti na saa za kazi, ukianza na kilicho safi asubuhi.

Kuchuja DNA ya kichocho kutoka kwenye choo kuna maadui wawili. Wa kwanza ni ganda la yai, gumu kweli, kwa hiyo tikisa sampuli kwa shanga ndogo ndani ya mashine ya kutikisa kabla ya kuongeza enzimu. Wa pili ni choo chenyewe: chumvi za nyongo na sukari tata huzuia enzimu ya PCR, nawe ukaona "hasi" ambayo ni uongo. Suuza ethanoli yote kwanza, maana nayo huzuia. Kisha ongeza kwenye kila sampuli kiasi kilekile cha DNA ngeni ya kulinganishia. Inayotumika sana ni ya kirusi cha herpesi cha sili, mnyama wa baharini. Ziwa Victoria halina sili, hivyo DNA hiyo ikionekana unajua umeiweka wewe. Isipoonekana, au ikichelewa kwa mizunguko kadhaa kuliko kwenye maji matupu, sampuli imezuiwa: ipunguze makali mara kumi kwa maji safi na urudie.

Onyo moja la usalama: dawa za kuvunjia seli kwenye vifurushi vingi zina guanidini. Usizimwagie jiki. Hutoa gesi ya sumu. Jiki iwe ya meza na sakafu, na mabaki ya kifurushi yawe na chombo chake.

Kuchagua jeni ya kulenga kunategemea swali. Eneo la DNA ya mnyoo liitwalo ITS2 ni zuri, ila kwa vipimo vingi vinavyolitumia linakuambia "ni kichocho" bila kusema cha aina gani. Kwa mansoni wengi hulenga mfuatano wa DNA unaojirudia uitwao Sm1-7, wenye nakala nyingi na hivyo hugundua hata maambukizi madogo. Kwa haematobium kuna mfuatano wa Dra1, lakini angalia: hukubali pia ndugu zake, akiwemo Schistosoma bovis wa ng'ombe. Usukumani, ambako ng'ombe na watoto wananywa na kuoga kwenye lambo moja, hilo ni jambo la kweli, hasa ukipima konokono. Ukihitaji kutenganisha, soma mfuatano wa jeni ya cox1.

Kila sahani ya PCR iwe na vitu vinne pamoja na sampuli: maji matupu, sampuli tupu iliyopitia uchujaji wote, DNA ya kichocho unayoijua, na mfululizo wa DNA iliyopunguzwa mara kumi kumi. Mfululizo huo ukiwa mzuri, Ct, yaani namba ya mzunguko ambao DNA huanza kuonekana, hupanda karibu 3.3 kwa kila hatua ya kupunguza. Kwa lugha nyingine, tofauti ya mizunguko 10, tuseme Ct 25 na Ct 35, ni kama mara 1,000 ya kiasi cha DNA. Maji yakionyesha chanya, sahani yote inatupwa. Usiseme "lakini Ct ilikuwa 38 tu". Maji ni maji.

Umeme nao ni sehemu ya itifaki. Mashine iwe na betri ya kutosha kumaliza mzunguko wa saa mbili. Friza la sampuli liwe na kipimajoto kinachorekodi, na mtu mwenye jina na namba ya simu anayejua jenereta inawashwaje usiku wa Jumapili. Gawa kila DNA kwenye vichupa viwili, viwekwe kwenye friza mbili tofauti.

Hatua ya 9: Kusoma ulichokipata

Ingiza data mara mbili kwa watu wawili, linganisha, sahihisha kutoka kwenye rejista.

Mayai hayagawanyiki sawa: watu wachache hubeba mengi mno, wengi hubeba machache. Wastani wa kawaida utapotoshwa na mvuvi mmoja mwenye 3,000, hivyo tumia wastani wa kijiometri. Na usiiite Kato-Katz kipimo cha dhahabu, yaani kile kisichokosea ambacho vingine hupimwa nacho. Mtu aliye hasi kwa hadubini na chanya kwa PCR ana uwezekano mkubwa kuwa na maambukizi mepesi kuliko kuwa kosa la mashine. Tafuta mtakwimu kabla ya kukusanya data, akusaidie kulinganisha vipimo ambavyo vyote vina kasoro.

Hatua ya 10: Rudi mwaloni

Rudi na matokeo kabla hujayapeleka kwenye mkutano wa Arusha au Dar es Salaam. Usitaje mtu. Taja idadi kwa lugha ya pale: "kati ya kila mitumbwi kumi, watu wa mitumbwi sita". Mganga mkuu wa wilaya apewe karatasi moja yenye namba, kwa sababu mwongozo wa WHO wa 2022 unataka jamii yenye kiwango cha asilimia 10 au zaidi ipewe dawa kila mwaka, watu wazima wakiwemo, na karatasi yako inaweza kuwa ndiyo anayoisubiri kuombea vidonge.

Tulipofanya hivyo mara ya mwisho, mama mmoja muanika dagaa alisikiliza hadi mwisho, akasimama akiwa na beseni kiunoni. "Dada, nimekuelewa. Maji yana mdudu, saa za jua ni mbaya, choo tusiende majini. Bomba liko kilomita tatu na ndoo inauzwa. Sasa nguo za watoto watano nifulie wapi?"

Nilimjibu anachoweza kufanya: teka maji uyaache ndooni siku moja na nusu hadi mbili, serkaria watakuwa wamekufa, ufulie nchi kavu. Akauliza ndoo ngapi. Tukakaa chini tukahesabu pamoja, zikafika kumi na nne, naye ana mbili. Niliandika namba hizo nyuma ya rejista.

Kilichobaki kwenye orodha yako baada ya hapo ni makopo, ambayo huchomwa kwenye tanuri la kituo cha afya na hayaachwi ufukweni, slaidi, zinazokwenda kwenye jiki, na vichupa vya watu waliokataa kisanduku cha pili, ambavyo vinateketezwa kwa tarehe uliyoiandika kwenye fomu, mbele ya shahidi, namba moja baada ya nyingine.